Mliozaa mkiwa na PCOS: ni kweli ukijifungua inaisha? Mbona kwangu imerudi kwa nguvu

#1 BintiUsambara

Habari za jioni wapendwa. Ni msomaji wa humu wa siku nyingi, leo nimeamua kuuliza maana nimechoka kuulizia pembeni.

Tangu shule hedhi yangu inakuja inapotaka. Baada ya ndoa tukakaa bila mtoto, nikapimwa altrasaundi na damu, nikaambiwa ni PCOS, yaani homoni zimevurugika na mayai hayatoki kwa mpangilio. Kuanzia hapo kila mtu ana neno moja tu: "Ukizaa yote yataisha." Mama mkwe kasema, mashoga wamesema, hata daktari wa mwanzo aliyeniona alisema. Nikatumia metfomini ya kushusha sukari, baadaye letrozoli ya kusaidia yai litoke, Mwenyezi Mungu akajalia. Sasa nina kijana wa miezi mitano, akicheka unaona ufizi wote.

Lakini hakuna kilichoisha. Maziwa ni kidogo tangu wiki ya kwanza. Asubuhi anapata, ikifika saa kumi jioni anavuta, anaachia, anajipinda mgongo na kulia. Ndevu za kidevuni zimerudi na ni ngumu kuliko za mwanzo, nanyoa alfajiri kabla watu hawajaamka. Nywele za kichwani zinatoka mafungu kwa mafungu nikichana. Shingo kwa nyuma imekuwa nyeusi, wifi yangu kaniletea dodoki nijisugue. Hedhi sijaiona tangu nijifungue. Na siku ya kujifungua nilitoka damu nyingi mpaka nikaongezewa.

Mama mkwe anasema sikula vizuri kipindi cha arobaini. Mume wangu anasema ni mawazo. Daktari anasema nisubiri mtoto aache ziwa. Nyie mliopitia, hiki ni nini? Na ukweli ni upi, inaisha mtu akizaa au haiishi?

#2 MamaSwaumu

Hongera kwa kijana, Mungu amkuze. Mimi ni ushahidi kwamba inaisha. Kabla ya kuzaa nilikuwa naona siku zangu mara tatu nne kwa mwaka. Baada ya mtoto wa kwanza, tangu nimwachishe, ni kila mwezi kama kawaida, na wa pili nilimpata bila dawa yoyote. Usikate tamaa, subiri aache ziwa.

#3 Mbondei_Halisi

Kwangu kinyume kabisa cha #2. Nimezaa watatu na bado ninayo. Na nikuonye kitu dada: usidhani kwa kuwa hedhi haijarudi basi huwezi kushika. Mtoto wangu wa pili nilimbeba wa kwanza akiwa bado mchanga, sijaona hata tone la damu. Nilifikiri tumbo ni la uzazi, kumbe mtu yumo. Mtu aliyehangaika kutafuta mtoto huwa anajiona hana haja ya uzazi wa mpango. Mwili haujui hesabu hiyo.

#4 NesiWaZamu

Nipo wodi ya wazazi miaka mingi, niweke mambo machache sawa.

PCOS haiishi kwa kuzaa. Ni hali ya kudumu ya homoni, inapanda na kushuka. Wengine mzunguko unakaa vizuri baada ya ujauzito, hasa umri ukisogea kwenye thelathini na kitu kwenda juu, kama ilivyokuwa kwa MamaSwaumu. Lakini upande wa insulini, homoni inayodhibiti sukari, na sukari yenyewe unabaki, hata kama hedhi inakuja kwa tarehe.

Mbondei yuko sahihi kabisa. Yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, kinga hakuna.

Shingo yako haina uchafu. Mrudishie wifi dodoki lake kwa heshima. Weusi ule, wenye ngozi kama mahameli, mara nyingi ni dalili kwamba insulini iko juu kwenye damu. Ukisugua utajichubua tu.

Sasa maswali. Ulipokuwa mjamzito, matiti yaliongezeka ukubwa? Ulikuwa na kisukari cha mimba? Na mtoto uzito wake kwenye kadi ya kliniki unapanda?

#5 Kifaru_Mweupe

Wakuu, hizi sindano za uzazi wa mpango ndizo zinazoleta haya matatizo. Dada yangu alichoma sindano mwaka mmoja tu, alipoacha hedhi ikapotea, akaambiwa PCOS. Wanawake wa zamani hawakuwa na magonjwa haya.

#6 DukaLaDawa_Moro

Mkuu #5, sindano ile inachelewesha mayai kurudi kazini. Wengi wanaoacha ili wazae huchukua karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho ndipo wanashika mimba. Kuchelewa huko siyo PCOS. Na la wanawake wa zamani: madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika juu ya wagonjwa saba wenye hali hii mwaka 1935, kabla sindano hizo hazijakuwepo duniani. Bibi zetu walikuwa nayo, ila waliitwa wagumba au wanawake wenye ndevu, basi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa wanaishi nayo, na mpaka asilimia 70 yao hawajui. Piga hesabu kwa daladala moja iliyojaa akina mama.

#7 Kifaru_Mweupe

Nimekusoma mfamasia. Lakini dada yangu kabla ya sindano alikuwa sawa, hilo nalo lielezwe.

#8 DukaLaDawa_Moro

Alikuwa sawa kwa kupimwa, au kwa kuwa hakuwa anahesabu siku? Muulize alipokuwa sekondari ilikuwaje.

#9 MchagaWaRombo

Poleni na hongera. Huyu dada hakupewa mtori! Kwetu mzazi anakula mtori wa ndizi na nyama asubuhi mpaka jioni, maziwa yanamwagika yenyewe. Mama mkwe wako ana hoja.

#10 Mbondei_Halisi

Nyie Wachaga mtori mmeufanya dawa ya kila kitu. Huku kwetu mzazi anapewa uji wa pilipili manga na samaki wa mchuzi wa nazi, na watoto wamekua na afya zao.

#11 BintiUsambara

Asanteni sana wote. Nimjibu Nesi #4.

Matiti kwa kweli hayakubadilika sana, sidiria za kabla ya ujauzito zinanitosha mpaka leo. Kisukari cha mimba walinitajia mara moja kwamba sukari imepanda kidogo, wakaniambia nipunguze wali na soda, halafu baada ya kuzaa hakuna aliyeuliza tena. Uzito wa mtoto ulikuwa chini miezi miwili ya kwanza, mstari ukalala. Nikaanzishiwa maziwa ya kopo kidogo jioni, sasa unapanda. Kunyonyesha tu pekee kwa hiyo siyo, na sitaki kumwacha.

#9 na #10, mtori nilikula, uji wa pilipili manga nilikunywa, tena wenye sukari na samli mpaka nikajisikia kizunguzungu. Mama mkwe alihangaika sana, siwezi kumlaumu.

#12 NesiWaZamu

Hapo kwenye sidiria pana jambo. Tezi za maziwa zinajengeka kuanzia kubalehe na zinamalizia kukua wakati wa ujauzito. Baadhi ya wenye PCOS wana tezi chache tangu awali, na titi haliongezeki mimba ikiingia. Siyo wote, nasisitiza. Wapo wenye PCOS ninaowaona wodini wanamwaga maziwa mpaka kanga inalowa. Tafiti zenyewe hazikubaliani. Lakini mama ambaye matiti hayakubadilika kabisa, huyo tunatakiwa kumfuatilia wiki ya kwanza, siyo mwezi wa tatu.

Kuhusu uji wa sukari: insulini inahitajika pia ndani ya titi kutengeneza maziwa. Mwili ukiwa unaikataa insulini, kuna wanaofikiri na titi linaathirika. Basi mzazi mwenye PCOS anapewa sukari kikombe kwa kikombe siku arobaini na anakatazwa hata kutembea uani. Nia ni njema, chakula kingi ni kizuri, ila ningempa uji wa ulezi usio na sukari, mayai, dagaa, maharage, mboga, na mtori wenye nyama nyingi kuliko ndizi.

#13 MchagaWaRombo

Mtori wenye nyama nyingi kuliko ndizi! Hilo nakubali hata kesho.

#14 Dkt_wa_Nyumbani

Dada, dawa ipo. Nina mitishamba inayoyeyusha vivimbe vyote kwenye ovari ndani ya siku 21, inasafisha kizazi na kuongeza maziwa. Wengi wamepona. Njoo inboksi.

#15 DukaLaDawa_Moro

Hakuna vivimbe vya kuyeyusha. Vinavyoonekana kwenye altrasaundi ni vifuko vidogo vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Haviumi, havipasuliwi, havisafishwi. Na mama huyu ananyonyesha. Chochote anachokunywa sehemu yake inaweza kufika kwa mtoto wa miezi mitano. Taja majani yaliyomo hapa hapa mbele ya watu, au uache.

#16 MamaSwaumu

#14 mimi nililipa watu kama wewe nikiwa natafuta mtoto. Niliharisha wiki nzima na hedhi haikuja. Waacheni akina mama wapumzike.

#17 BintMasqat

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, naishi Muscat. Huku mzazi anapewa hulba, ndiyo uwatu wa kwetu, unarowekwa usiku au unapikwa na maziwa. Mie nna PCOS na uwatu ulinisaidia, maziwa yaliongezeka wiki ile ile. Jasho na mkojo vinanukia uwatu, usishtuke. Jaribu bibie.

#18 DukaLaDawa_Moro

Uwatu una historia ndefu pwani nzima, siupingi. Tahadhari mbili: unashusha sukari, kwa hiyo anayetumia dawa ya kisukari ajiangalie asije akazimia, na kuna akina mama ambao kwao maziwa yanapungua badala ya kuongezeka. Pia mjamzito asiutumie kama dawa.

Nikiwa hapo hapo: watu wananunua domperidoni dukani kuongeza maziwa. Ni dawa ya kichefuchefu, inapandisha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Marekani walitoa onyo dhidi ya kuitumia kwa maziwa mwaka 2004. Nchi nyingine madaktari bado wanaiandika kwa uangalifu. Usijinunulie.

#19 Mswahili_Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma yote na naona mmelipita jambo kubwa kwenye #1: alipoteza damu nyingi mpaka kuongezewa. Dadangu alipitia hivyo. Hakupata maziwa hata tone, hedhi ikakatika, akawa anahisi baridi hata jua likiwa kali, amechoka kupita kiasi. Alizungushwa muda mrefu mpaka daktari mmoja akasema tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ilikosa damu siku ile ya kujifungua. Inaitwa Sheehan. Huenda PCOS yasingiziwa bure.

#20 NesiWaZamu

Asante kwa hili, ni muhimu sana na linasahaulika. Lakini mwenye Sheehan kwa kawaida nywele za kwapani na za siri zinapungua. Huyu ndevu zinaongezeka. Havilingani.

#21 Mswahili_Kisauni

Dadangu alipungukiwa baadaye, si miezi ya kwanza. Na je, mtu hawezi kuwa na vyote viwili? Alikuwa na PCOS kabla, kisha akapoteza damu.

#22 NesiWaZamu

Anaweza. Na tezi inaweza kuumia nusu. Ndiyo maana kusubiri mtoto aache ziwa ndipo apimwe sikubaliani nako. Kwa mtu aliyepoteza damu kiasi hicho, mwenye maziwa kidogo na bila hedhi, ningeomba prolaktini, homoni za thairoidi (tezi ya shingoni), kotisoli ya asubuhi (homoni inayoamrishwa na ile tezi ya chini ya ubongo), picha ya damu na akiba ya madini ya chuma. Thairoidi yenyewe inaweza kuvurugika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa: kwanza inaenda mbio, kisha inalala. Ikilala inaleta uchovu, nywele kutoka, maziwa kupungua, na mama anaambiwa ni mawazo.

Na sukari: mwenye PCOS aliyekuwa na sukari ya mimba anatakiwa kupimwa tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Anakunywa glukosi gramu 75, damu inachukuliwa kabla na baada ya saa mbili. Kwetu kipimo hiki ndicho kinachopotea zaidi, maana kliniki ya baada ya uzazi tunapima mtoto na kumwambia mama "uko sawa" akiwa mlangoni.

#23 BabaWawili_Mbeya

Samahanini akina mama, mimi ni mwanaume, nimeingia kwa sababu #1 ni kama anamwelezea mke wangu. Tofauti ni kwamba maziwa anayo. Ana PCOS, amejifungua wa pili, mtoto ana miezi mitatu. Tangu ndevu zirudi hataki kwenda kanisani, hataki picha na mtoto, anajifunga mtandio ndani ya nyumba. Usiku mtoto akilala yeye halali, anaangalia dari. Nikimwambia ni mrembo anasema namdanganya. Nimfanyie nini? Nampenda na sijui pa kushika.

#24 Mbondei_Halisi

Baba Wawili, Mungu akubariki kwa kuuliza. Usimwambie ni mrembo kwa sasa. Mwambie "umechoka, leo usiku mtoto nakaa naye mimi," na ukae naye kweli. Mimi nilikaa na mtandio usoni kwa mtoto wa kwanza, sina picha hata moja ya mimi na yeye akiwa mchanga. Aliponiuliza juzi kwa nini zote ziko na shangazi, nilikosa la kumwambia. Mpige picha mkeo akiwa amempakata mtoto, hata kwa nyuma, hata mkono tu. Atakuja kuzitaka.

#25 NesiWaZamu

Huzuni ya siku za mwanzo huisha ndani ya wiki mbili hivi. Miezi mitatu, halali hata mtoto akilala, anajificha: mpeleke. Kuna dodoso la maswali 10, la Edinburgh, linatumika tangu 1987, linajibiwa kwa dakika chache tu na linaonyesha kama ni sonona. Wenye PCOS wako kwenye hatari kubwa zaidi ya sonona na wasiwasi hata kabla ya kuzaa. Akikuambia anatamani kutokuwepo, usisubiri asubuhi.

#26 SalunyaBoma

Niongezee kwenye ndevu, hii ndiyo kazi yangu. Kunyoa hakuongezi ndevu wala hakuzifanyi nene. Ncha iliyokatwa inakuwa butu, ndiyo maana inakwaruza. Wembe mpya kila mara, maji ya uvuguvugu, nyoa kufuata unywele unakolala. Wanaong'oa kwa kibano kidevuni ndio wanaonijia na vipele na makovu meusi, kwa sababu unywele wetu unajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kutoa kwa uzi ni nafuu kidogo ila kwa ngozi yenye chunusi sishauri. Leza ipo mijini, lakini kwa ngozi nyeusi uliza kama mashine ni ya aina ya Nd:YAG, nyingine zinaunguza. Na mpaka homoni zitulie, zitakuwa zinarudi, kwa hiyo usimalize akiba yote hapo.

#27 BabaWawili_Mbeya

Nimesoma na kurudia. Asanteni sana. Hiyo ya picha nimeianza leo.

#28 Kifaru_Mweupe

Nimeongea na dada yangu. Anasema kidato cha tatu alikaa nusu mwaka bila hedhi, mama akamwambia ni kawaida ya bweni. Sindano bado siipendi, lakini nimeona bora niseme.

#29 ShangaziWaIlala

Mimi naona mnamtisha mtoto wa watu na majina ya magonjwa. Maziwa yanafuata kunyonya. Kopo likiingia jioni, titi linapata taarifa kwamba jioni hakuna kazi. Mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku ndiyo usikose kabisa, na ukimaliza kamua. Mimi nimelea hivyo na nimesaidia mabinti wengi Ilala hapa bila kipimo chochote.

#30 BintiUsambara

Shangazi shikamoo. Kopo halikuja kwanza. Kabla ya kopo nilimweka kifuani mchana kutwa na usiku kucha, na mstari wa kadi ulikuwa umelala. Muuguzi aliangalia anavyoshika titi akasema anashika vizuri. Nepi za mkojo zilikuwa mbili tatu kwa siku.

#31 ShangaziWaIlala

Marahaba mwanangu. Nepi mbili ni chache mno, hapo ulifanya vema kumpa kopo. Lakini kukamua usiache, hata kama kinatoka kijiko kimoja.

#32 NesiWaZamu

Shangazi anachosema ndicho cha kuanza nacho kila mara, na kwa akina mama wengi kinatosha. Kwa wachache hakitoshi, na hao wakiambiwa "hujajitahidi" wanaumia mara mbili. Maziwa kidogo ya mama pamoja na ya kopo ni kunyonyesha pia. Naomba tu isiwe maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa maji kama wengi wanavyofanya. Chini ya mwaka mmoja hayamfai, yanamkosesha chuma.

#33 BintiUsambara

Wapendwa nimerudi na majibu, nilikwenda hospitali nyingine. Thairoidi iko sawa. Sukari baada ya saa mbili ni 8.9, wameniambia siyo kisukari lakini haiko kawaida. Damu ni chache, akiba ya chuma imeisha. Kotisoli nzuri. Prolaktini wanasema iko chini kwa mtu anayenyonyesha, lakini daktari hakusema ni kwa sababu gani. Amenirudishia metfomini. Naogopa kuinywa nikiwa nanyonyesha. Na shoga yangu ananiambia ninywe vidonge vya majira kurekebisha hedhi.

#34 Mswahili_Kisauni

Prolaktini chini! Ndilo nililokuwa nasema.

#35 NesiWaZamu

Taratibu. Prolaktini inapanda mtoto akinyonya na kushuka baadaye, na mwezi wa tano kiwango cha kawaida huwa kimeshashuka ukilinganisha na wiki za mwanzo. Damu ilichukuliwa muda gani baada ya kunyonyesha? Kama alikaa foleni asubuhi nzima, kipimo hicho hakisemi mengi. Na kotisoli kuwa nzuri kunaitia Sheehan mashaka.

#36 Mswahili_Kisauni

Umesema mwenyewe #22 tezi yaweza kuumia nusu. Arudie kipimo, na amwone mtaalamu wa homoni. Hospitali kubwa za rufaa wapo.

#37 DukaLaDawa_Moro

Metfomini: inayofika kwenye maziwa ni kidogo sana, inachukuliwa kuwa salama kwa anayenyonyesha. Anza na dozi ndogo pamoja na chakula, tumbo lisikusumbue. Je, itaongeza maziwa? Kuna majaribio madogo yaliyofanyika kwa akina mama wenye dalili kama zako, majibu hayajakaa sawa. Inywe kwa ajili ya sukari yako, maziwa yakiongezeka ni heri.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili: mwambie shoga hapana kwa sasa. Estrojeni iliyomo inaweza kupunguza maziwa, na mwongozo wa Shirika la Afya ni kuviepuka kwa kawaida mpaka mtoto atimize miezi sita kwa anayenyonyesha. Vyenye homoni moja, kipandikizi au kitanzi vinafaa.

Ila jambo moja lisisahaulike ukishamwachisha mtoto: kukaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, tena na tena, kunafanya ukuta wa ndani wa kizazi unenepe. Miaka ikipita hiyo ni hatari ya saratani ya kizazi. Hapo ndipo daktari hutoa projesteroni ili damu itoke.

#38 SalunyaBoma

Na nywele za kichwani? Wateja wengi waliozaa zinawatoka mwezi wa tatu wa nne, halafu zinaota tena zenyewe ndani ya mwaka. Nikiona zinapungua kwenye njia ya katikati tu huku pembeni zipo, huyo namwambia aende hospitali.

#39 BintiUsambara

Zangu zinatoka kote. Daktari kasema ni chuma. Mama mkwe kasema ni kusuka kwa kubana. Nimefumua na nimeanza vidonge vya chuma, nafanya vyote.

#40 MamaSwaumu

Mimi nimekwenda kupima sukari kwa sababu ya uzi huu, baada ya Nesi kusema inabaki hata hedhi ikiwa sawa. Ya asubuhi kabla ya kula ni 6.4, imezidi kawaida. Nimerudishwa kliniki wiki ijayo. Nilikuwa natembea nikijua nimepona.

#41 MchagaWaRombo

Pole dada, bora umejua mapema. Tutashusha mtori wote kwa pamoja.

#42 Mbondei_Halisi

Nina swali langu sasa maana uzi umenikalia. Binti yangu wa kwanza ana miaka 13, alivunja ungo mwaka jana, hedhi inaruka. Ana chunusi. Je, nimemrithisha na hili? Nimpeleke altrasaundi?

#43 NesiWaZamu

Inatembea kwenye familia, hilo ni kweli. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2019 ulikuta mabinti wa mama mwenye PCOS wana uwezekano mara tano zaidi wa kuja kuambiwa wanayo. Lakini altrasaundi usimpeleke. Miaka minane ya kwanza tangu kuvunja ungo ovari za binti mzima kabisa zinaweza kuonekana hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza hedhi kuruka ni kawaida. Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, siku 21 mpaka 45 ni kawaida. Mpe daftari aandike tarehe. Ikizidi siku 90 katikati wakati wowote baada ya mwaka wa kwanza, mlete.

#44 Mbondei_Halisi

Daftari analo, anaandika kwa kalamu nyekundu na kulificha chini ya godoro. Nitamwambia tuandike pamoja.

#45 BintMasqat

Bibie BintiUsambara, na huo uwatu ulijaribu au la? Hukujibu.